Rais, Wabunge na Kihenge cha Anyesi

Katika kijiji chetu hakuna anayeijua siasa kunishinda mimi. Tangu nipate akili sijakosa mkutano wa hadhara. Vyama vyote vimenihutubia. Tatizo ni dogo tu: mgeni rasmi akisimama, mimi nasinzia. Naamshwa na makofi. Nami napiga makofi kwa nguvu, halafu namuuliza jirani tumeshangilia nini.

Naitwa Emiliana. Naishi jirani na Mazengo, mtoto wa marehemu kaka yangu. Mkewe ni Anyesi. Wana watoto wanne, mkubwa wao Elisha, na mbuzi wakorofi. Wanalima mahindi na mtama, si mbali na Kibaigwa.

Mwaka jana mvua ilikuwa na adabu. Ilikuja ilipotakiwa, ikaondoka ilipotakiwa. Mwezi wa sita kihenge cha Anyesi kilijaa mahindi mpaka mfuniko ukakataa kukaa.

Kwetu kuna desturi. Mahindi yakiwa shambani ni ya wote. Yakishaingia kwenye kihenge, msemaji ni mama wa nyumba. Mume hachoti hata kisahani kimoja bila kumwambia mkewe. Mwanamume akionekana anachungulia kihenge, wenzake watamcheka kilabuni wiki nzima.

Basi siku moja mchana nilikuwa nimekaa na Anyesi. Yeye anapukuchua mahindi, mimi namsaidia kwa mdomo. Mara Mazengo akafika kutoka mjini Dodoma. Alikuwa amekwenda kununua dawa ya minyoo ya mbuzi. Alirudi bila dawa, na kofia imegeuka nyuma mbele.

"Shangazi! Mama Elisha! Kuna vita!"

"Wapi?" Anyesi akauliza.

"Bungeni!"

Nikaacha kutafuna. "Wabunge wanapigana?"

"Hapana, shangazi. Rais anataka fedha za vita. Wabunge wamekataa. Redio ya kinyozi imesema, nimesikia kwa masikio yangu. Barabara zimefungwa. Magari yanapita na ving'ora, polisi kila kona!"

"Sasa vita ni kati ya nani na nani?" Anyesi akauliza. "Ya Rais na wabunge?"

Mazengo akakuna kichwa. "Hapana. Nadhani ni ya nchi nyingine na sisi. Au sisi na nchi nyingine."

"Si ni kitu kilekile?"

"Sijui! Mimi nilikuwa nakimbilia basi!"

"Na kama wabunge wamekataa fedha," nikasema, "si vita haipo? Utapiganaje bila fedha?"

"Au ndiyo itakuwa mbaya zaidi," akajibu Mazengo. "Askari watakula nini?"

Hapo sote tukaangalia kihenge.

Nyie mnaosoma mtatucheka. Lakini sisi wa Dodoma tuna ugonjwa wetu. Bunge ni jirani yetu. Tukisikia neno Bunge kwenye redio, hatuulizi la wapi. Ni kama kusikia mtu anakohoa nyuma ya ukuta wako. Utauliza ni nani?

Jioni akapita Fabian kwa pikipiki yake. Fabian ni dalali wa mazao. Ana shati lililopigwa pasi na huruma nyingi sana wakati wa mavuno. Mazengo akamweleza habari. Fabian akasikiliza kwa makini. Kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa.

"Ni kweli, kaka. Mimi nilikuwa najua, nilificha tu msipate hofu. Wabunge wakigoma, jeshi litapita vijijini kukusanya chakula. Bure. Kesho naleta lori. Bei itakuwa ndogo, lakini kidogo si sawa na bure. Nataka kuwaokoa."

Alipoondoka, Mazengo akamgeukia mkewe. "Fungua kihenge, tuanze kujaza magunia."

"Sifungui."

"Anyesi!"

"Vita na nani? Itaanza lini? Itaisha lini? Na mwezi wa pili tutakula nini?"

Mwezi wa pili si neno la mchezo kwetu. Mwaka juzi waliuza mahindi mapema, kwa haraka. Ilipofika mwezi wa pili wakayanunua tena Kibaigwa kwa bei ya kuliza. Mtoto wao mdogo, Luka, alikuwa analala na uji mwepesi mpaka unaona sufuria chini. Alikonda shingo. Anyesi hajasahau shingo ile.

"Mimi ndiye mkuu wa nyumba hii," Mazengo akasema.

"Nimekusikia, mkuu. Jibu maswali."

Mkuu akaenda kukaa na mbuzi.

Asubuhi akaja Joha. Huyu ni afisa maendeleo ya jamii wa kata yetu. Kwao ni Chemba, kule kwa wenye lugha ya kugonga ulimi. Nikimtania sana hunijibu kwa lugha hiyo. Sielewi neno hata moja, ila najua nimetukanwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kutuaga kabla ya vita?"

"Vita gani tena?"

Mazengo akasimulia yote, hata ya Fabian na kihenge. Safari hii vita ilikuwa imekua. Usiku kucha ilikuwa imeongezewa ndege mbili. Joha hakucheka. Alitoa simu, akatafuta taarifa ya habari ya jana ya redio ileile.

"Tusikilize wote. Tangu mwanzo, si katikati."

Tukainama juu ya simu. Mtangazaji akasema, "Na sasa ni habari za kimataifa." Akataja nchi moja ya mbali, ng'ambo ya bahari. Rais wa huko ndiye aliyeomba fedha za vita. Bunge la huko ndilo lililokataa.

"Kumbe kuna Bunge lingine?" Anyesi akauliza.

Mimi pia nilishangaa, lakini nilikohoa ili nisionekane.

"Yako mengi," akasema Joha. "Karibu kila nchi ina lake."

Mazengo akauliza, "Na ving'ora? Na barabara kufungwa? Niliota?"

"Hukuota. Jana ilikuwa siku ya bajeti. Waziri alikuwa anasoma bajeti ya nchi, na wageni walikuwa wengi. Barabara, shule, dawa, mbolea, vyote vimo humo. Na jeshi pia limo, kama kila mwaka. Wabunge wanajadili, kisha wanapiga kura."

"Sasa huko ng'ambo wanagombana nini?" nikauliza. "Rais ni mkubwa. Anakataliwaje?"

Joha akatazama kihenge. Akamtazama Mazengo, kisha Anyesi. Akatabasamu.

"Jana nani alikataa kufungua kihenge?"

"Huyu hapa!" Mazengo akanyoosha kidole haraka.

"Kwa nini hukukifungua mwenyewe? Una mikono."

"Ah, haiwezekani. Kihenge ni cha mama."

"Basi na huko ni hivyohivyo. Rais anaongoza jeshi, lakini fedha ni za wananchi. Hachoti mpaka wawakilishi wa wananchi wakubali. Na wao wanamuuliza: vita ni ya nini, itaisha lini, na baada yake watu watakula nini?"

Anyesi akaweka mikono kiunoni. "Maswali yangu!"

"Maswali yako, mama Elisha."

Mazengo naye alifurahi. Alikuwa amesikia tu kwamba yeye ni Rais.

"Lakini," nikasema, "kama adui amefika mlangoni, unakaa unauliza maswali? Si utauawa huku unajadili?"

"Swali zuri, bibi. Ndivyo anavyosema Rais wa huko. Anasema hatari ipo, hakuna muda. Wabunge wengine wanamuunga mkono. Wengine wanasema hatari haipo. Tena Rais mwenyewe anasema ile si vita, ni operesheni ya muda mfupi."

"Kama si vita, fedha za vita za nini?"

"Ndilo wanalobishania."

"Na nani ana haki?"

"Hata wenyewe hawajaelewana. Labda wataamua mwezi ujao, labda wataenda mahakamani."

Nikashukuru. Kumbe hata wenye Bunge lao hawaelewi. Nilikuwa najiona mjinga peke yangu.

"Na kwetu?" Anyesi akauliza. "Rais wetu akitaka vita?"

"Katiba yetu inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita. Lakini akitangaza, nakala ya tangazo inapelekwa kwa Spika. Bunge linaitwa ndani ya siku kumi na nne, linajadili, linaamua kama linaunga mkono au la. Tangazo linakuwa la wazi, nchi nzima inasikia. Mtendaji wa kijiji angeshaita mkutano. Habari ya vita haiji na dalali."

"Na Rais akija bungeni kubishana nao?" Mazengo akauliza.

"Haji kubishana. Rais huenda kulihutubia Bunge kwa siku maalumu, kama siku ya kulifungua. Kwenye mijadala ya kila siku hakai. Mawaziri ndio wanaosimama kujibu."

Joha akafunga simu. "Mtu akikuletea hofu mlangoni, kabla hujakimbia muulize anauza nini."

"Huyu Fabian hauzi," akasema Anyesi polepole. "Ananunua."

Tukatazamana.

Mazengo akainuka. Akasimama mbele ya mkewe, mikono nyuma, kama mtoto wa shule. "Mama Elisha, naomba tukae, tupange."

Wakakaa. Wakapima chakula cha nyumba mpaka mavuno mengine, na cha akiba juu yake. Kilichobaki wakakubaliana wasikiuze sasa. Wataulizia bei sokoni Kibaigwa wenyewe; ikipanda, watauza kwenye mizani.

Najua nyie wasomaji mna tabia ya kufungua ukurasa wa mwisho kabla ya wa kwanza. Basi nawaambia matokeo sasa hivi. Mwezi wa pili umepita. Mahindi ya ziada waliyauza mwezi wa kwanza, kwa bei ya kueleweka, wakaezeka bati chumba cha watoto. Luka ana shingo nene kama ya mwenyekiti. Na desturi moja imeongezeka: saa ya habari ikifika, hakuna ruhusa ya kusimulia mpaka taarifa iishe na nchi iwe imetajwa.

Lakini siku ile mchana Fabian alikuja kweli na lori. Akashuka akipeperusha magunia matupu.

"Haya, haya, ndugu zangu! Muda hatuna!"

"Karibu, baba," nikamwambia kwa upole. Nikiwa mpole, watu wanaonijua hukimbia. Fabian hakunijua. "Hebu tueleze sisi wazee. Habari hii uliipata wapi?"

"Bungeni, bibi. Jana nilishinda Bungeni, jukwaa la wageni. Nimeona kwa macho yangu."

"Mungu wangu! Na Rais ulimwona?"

"Nilimwona vizuri sana. Alikaa mstari wa mbele. Wabunge walipokataa, akasimama, akapiga meza. Akasema, 'Nipeni fedha za vita!' Watu tukatetemeka."

Anyesi akaziba mdomo kwa khanga. Mazengo akaangalia juu. Joha aligonga ulimi mara mbili kwa lugha ya kwao, na safari hii hata mimi nilielewa.

"Mnacheka nini?" Fabian akauliza. "Naapa, jana nilikuwa huko tangu asubuhi mpaka jioni, hapo tu ndipo nikapita hapa!"

Dereva wa lori, kijana mkimya anayeitwa Silvano, akatoa kichwa dirishani.

"Jana, bosi? Jana si tulishinda wote Bahi? Pale ulipowaambia watu wa mpunga kwamba mafuriko yanakuja?"

Tukaangalia mbingu. Ilikuwa mwezi wa sita. Hapakuwa na wingu hata la kusingizia.

"Washa gari," Fabian akasema.

"Sawa, bosi," akasema Silvano. "Lakini niambie mapema, nisikuharibie tena. Tunakokwenda sasa kuna vita au mafuriko?"