Barua Niliyomficha Mwalimu Mumtaz

Kila Jumanne na Alhamisi, nikitoka shule, nilikula kiporo haraka, nikamvalisha mdogo wangu Modesta nguo zake nyeupe za karate, tukateremka kwenye mawe ya mtaa wetu wa Mabatini hadi ukumbini kwa Mwalimu Mumtaz. Mwalimu huyo anauza vitambaa mjini, na jioni hufundisha watoto karate.

Modesta ana miaka tisa na ana usonji. Maneno yake ni machache, kelele za ghafla humtesa, na ukimgusa bila kumwambia anashtuka kama ameungua. Shule mbili zilishamkataa. Mama aliposikia habari za karate, aliandika barua ya kurasa mbili akimwomba mwalimu ampokee. Alieleza kila kitu: msimshike kwa nyuma, mwambieni kabla ya kumgusa, akiziba masikio mwacheni apumzike. Mama huuza dagaa sokoni Mwaloni mpaka jioni, kwa hiyo barua alinipa mimi.

Sikuipeleka. Niliona haya, nasema kweli. Nilijua wenzangu wangeniita dada wa kichaa. Nikaichomeka kwenye daftari la hisabati, na Mwalimu Mumtaz alipouliza kama kuna jambo anapaswa kulijua, nikajibu, "Hapana, Mwalimu. Ni mpole tu."

Nyumbani mama alinidaka mlangoni. "Ameisoma? Amemkubali hivyo hivyo alivyo?"

"Ndiyo, mama."

Basi mama akaanza kuimba akipika. Jamani, mama yangu kuimba! Kwa wiki tano Modesta alisimama mstari wa nyuma, akarusha ngumi zake taratibu, na kila siku alirudi ametulia.

Alhamisi moja Mwalimu alitangaza kwamba tutajifunza kujinasua ukishikwa kwa nyuma. Nikaikumbuka barua. Ningeweza kunyoosha mkono na kusema. Nikanyamaza, na msichana mwenzetu Dorcas akamkumbatia Modesta kwa nyuma kama alivyoagizwa.

Modesta alipiga ukelele, akarusha kichwa nyuma. Jino la Dorcas likadondoka sakafuni pamoja na damu. Modesta akakimbilia pembeni, akawa anagonga kichwa ukutani, nami nikashindwa kumzuia.

Mama zetu waliitwa. Mama Dorcas alikuja na hasira, akamkabili mama. "Umemleta mtoto wa namna hii kwa siri?"

"Si kwa siri," mama alisema. "Niliandika barua, na Mwalimu aliisoma."

Mwalimu Mumtaz alishangaa. "Dada yangu, mimi sijaona barua yoyote."

"Njia ya mwongo ni fupi!" Mama Dorcas alifoka.

Mama akanigeukia. Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Kesho yake nilimkuta mama akipanga nguo za Modesta kwenye mfuko. "Jumapili anaenda kwa bibi yenu, kule kisiwani Nansio," alisema. "Atakaa huko ndani. Asiumize watu, na watu wasimuumize. Mimi nimeshindwa, Justa."

Nikajua nikinyamaza tena, Modesta amepotea. Nikalifungua daftari. "Mama, barua hii hapa. Mwalimu hakuiona kamwe."

Heri angenichapa. Alikaa chini sakafuni, barua mkononi. "Kwa hiyo hakuna aliyemkubali," alisema. "Nilidhani duniani kuna mtu mmoja." Kisha akalia, na mimi sikuthubutu kumsogelea.

Jumamosi asubuhi tulikwenda dukani kwa Mwalimu Mumtaz.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Nilisema yote, hata habari ya Modesta kupelekwa Nansio. Akaisoma barua mara mbili. "Ningempokea hivyo hivyo alivyo," alimwambia mama. "Siku ile ile ya kwanza ningempokea. Na safari ya Nansio iache, dada yangu."

Jumanne aliwaeleza wanafunzi wote hali ya Modesta na kuweka sharti: hakuna kumgusa kabla ya kumwambia. Mimi nilisimama mbele yao nikakiri kosa langu. Mama Dorcas alimwomba mama radhi kwa kumwita mwongo, lakini Dorcas hakurudi tena.

Modesta naye hakuingia. Wiki tatu nzima alisimama nje ya mlango ameziba masikio, mama akiwa kando yake baada ya kufunga biashara mapema, maana Modesta alikataa kuja na mimi. Wiki ya nne akavuka kizingiti.

"Mwombe mkono, Justa," Mwalimu aliniambia.

Nikaunyoosha. "Nakushika, Modesta."

Akarudi nyuma hatua mbili. Machozi yakanitoka mbele ya watu wote.

Mwalimu Mumtaz akainama karibu yangu. "Usimlazimishe. Ulidhani unaficha aibu, kumbe ulificha kinga yake. Aibu ilikuwa yako, na maumivu yakawa yake. Ukiuficha ukweli unaomlinda mtu, ni sawa na kumpiga wewe mwenyewe. Kukiri ni mwanzo tu, mwanangu. Imani ya mtu hairudi kwa siku moja. Mwombe tena leo, na kesho tena."

Nikamwomba tena. Modesta aliutazama mkono wangu kwa muda mrefu, kisha akaupita, akaenda kusimama kwenye mstari.