Mtani wa Jengo la Pamoja

Aliyeamua kwamba jengo moja litawatosha walimu wa lugha na watafiti wa bahari hajawahi kuliingia siku ya Jumatatu yenye mvua. Na hapa chuoni Suva, Jumatatu isiyo na mvua ni ya kuhadithiwa. Jengo la Pamoja, ndivyo lilivyoandikwa juu ya mlango kwa herufi za shaba. Lifti ya pamoja imekufa tangu mwaka juzi, vyoo vya pamoja havijaona sabuni, na mlango wa mbele unafunguliwa kwa kadi ambayo kwa wengine hufungua na kwa wengine huguna tu. Kila kitivo kinasema matengenezo ni kazi ya kitivo kingine. Sisi tuliolizoea tumeacha kulalamika, ila hasira tunayo.

Asubuhi hiyo mlango ulimgomea Unaisi. Alikuwa amevaa gauni refu la maua mekundu, nywele zake nyingi kazichania juu, mkono mmoja umeshika roti, chapati yenye mchuzi, iliyofungwa kwenye karatasi, mwingine unasugua kadi mlangoni. Simu ilikuwa imebanwa kati ya bega na sikio.

"Shangazi, nitakupigia! Nimesimama mvuani kama mbuzi wa jirani... Ndiyo, nimekula. Sijala. Nitakula!"

Alisema hayo kwa lafudhi ya Waisavu, lafudhi ya kuvuta maneno mwishoni. Nyuma yake kijana mmoja akasimama ghafla. Alikuwa amefunga kiunoni sulu ya kijivu, kama kikoi, shati lake lina picha za kasa wa buluu, na kifuani amekumbatia kreti la maji lililojaa majongoo bahari.

"Pisha, mla popo. Wageni wangu wanataka kuingia."

Unaisi akageuka. "Nani mla popo?"

"Wewe hapo. Watu wa Waisavu hata kwenye simu mnanukia supu ya popo. Mimi ni Isikeli, wa Nakorosiga. Najua unajua maana yake."

Alijua. Waisavu na Nakorosiga ni watani tangu enzi za mababu. Mtu wa huku huingia nyumba ya kule, akafunua sufuria, akala, akamtukana mwenye nyumba mpaka unyayo, na mwenye nyumba hucheka. Kukasirika ndiyo aibu.

Lakini Unaisi hakuwa wa Waisavu! Baba yake, Mchungaji Eparama, ni mtu wa Navatudua, mbali kabisa. Kanisa lilimpeleka Waisavu akahudumu miaka kumi na mmoja, na huko ndiko binti yake alikojifunzia kusema. Angeweza kumwambia kijana yule kwa sentensi moja tu. Badala yake akatazama vishimo vya mashavu yake, na ulimi ukachagua utundu.

"Nyinyi wa Nakorosiga si ndio mliopiga kasia usiku kucha, kumbe mtumbwi bado umefungwa kwenye mnazi?"

"Walikuwa wanafanya mazoezi!"

Isikeli alicheka hadi maji ya kreti yakamwagika. Kisha akainama, akaing'ata roti mkononi mwa Unaisi, akagusisha kadi yake mlangoni, na mlango ukafunguka. "Mtani haombi," alisema mdomo umejaa, akapita.

Ndivyo lilivyoanza, na katika wiki sita jengo zima lilikuwa na habari yao. Unaisi alikuwa akimalizia tasnifu yake ya uzamili ghorofa ya tatu. Isikeli alifundisha mazoezi ya maabara ghorofa ya pili. Ngazi zilizokuwa kati yao zilichakaa wiki hizo kuliko miaka yote.

"Haloo, mpiga kasia."

"Haloo, mla popo wangu. Umeshakula?"

"Ningekula nini? Nilibakiza samaki na mhogo wa nyumbani, uliokuja kwa basi, kwenye friji ya ghorofa yenu."

"Aa, ule. Chumvi ilipungua kidogo."

"Keli!"

"Mtani haombi, bibi."

"Sawa. Na leo ukitafuta makubazi yako usiniulize."

Siku hiyo Isikeli alifundisha peku, na wanafunzi wake wakampigia makofi. Wiki ya tano akamwita "mpenzi" kwenye simu, wala hakulirudisha neno lake. Unaisi hakulala vizuri kwa furaha. Mara nyingi alijiambia leo nitamweleza ukweli, na kila alipofungua mdomo aliona uzuri wa mchezo ule akaahirisha. Hapo simtetei. Wahenga walishasema: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Alhamisi ya wiki ya saba ilikuwa siku ya Unaisi kutetea tasnifu yake, saa nne asubuhi. Aliandika kuhusu kuwafundisha watoto wa Waisavu kusoma kwa lugha yao ya nyumbani, na shule ya kule ilikuwa imemwekea nafasi ya ualimu kuanzia muhula ujao, ikiwa tu shahada itapatikana. Mtahini wa nje alikuwa Auckland, angesikiliza kwa mtandao. Katika jengo lile chumba chenye mtandao usiokatika ni kimoja, namba 307. Unaisi alikuwa amekiwekea nafasi tangu mwezi uliopita. Lakini kila kitivo kina kalenda yake, zile kalenda hazijuani, na kwa hiyo sheria halisi ni karatasi inayobandikwa mlangoni. Alikuwa ameibandika kwa mkono wake: "Alhamisi, asubuhi yote, Unaisi."

Alipanda saa tatu na nusu, blauzi nyeupe imepigwa pasi, sulu nyeusi, mkufu wa simbi aliopewa na shangazi. Karatasi ilikuwa imefutwa kwa kalamu nene. Juu yake, kwa mwandiko alioujua vizuri, paliandikwa: "Wala popo hawahitaji chumba. Wananing'inia." Kupitia kioo cha mlango aliona makreti kumi na mawili yamepangwa juu ya meza, pampu za hewa zinatoa mapovu. Mlango umefungwa, na siku hiyo ulifunguka kwa kadi ya watu wa bahari peke yake.

Alipiga simu. Ikaita ikakata. Akapiga mara saba. Na hapa ndipo mimi damu inaponichemka kila ninapokumbuka, maana Isikeli alikuwa gatini akipakia kreti la mwisho, simu anaiona, na anatabasamu! Alidhani mtani wake yuko kwenye kilele cha mchezo. Akamtumia ujumbe: "Ning'inia kwanza, nakuja."

Unaisi alitetea tasnifu yake akiwa ameketi kwenye ngazi, simu mkononi, mvua inapiga bati, watu wanapita mbele yake wameinama wakisema "tulou, tulou", yaani samahani, kwa adabu, kama kwamba adabu ingemsaidia. Mtahini alisema hasikii. Akasema tena hasikii. Dakika ya kumi na mbili mwenyekiti wa jopo akafunga kikao: mtahiniwa hakuandaa mahali panapofaa, arudi mwezi wa pili. Mwezi wa pili! Shule ya Waisavu isingengoja mwezi wa pili.

Isikeli alipanda ngazi saa tano, kreti kifuani, vishimo vya mashavu mahali pake. "Popo wangu! Bado unaning'inia?"

Unaisi alisimama. "Weka hilo kreti chini."

"Ah, usiniambie umenuna. Sheria unaijua. Mtani hakasiriki."

"Weka chini, Isikeli! Nilikuwa na mtihani humo. Mtihani wangu wa mwisho. Nimeufanyia hapa, kwenye ngazi, kama mwuza karanga, na umefungwa."

Kreti likatua lenyewe. "Mtihani? Mimi nilijua ni vile vikao vyenu vya chai. Una, kweli sikujua..."

"Ungejuaje? Uliuliza? Wewe unaulizaga? Unakula, unachukua, unafuta jina la mtu, halafu 'mtani haombi'. Basi sikiliza. Mimi si mtani wako. Baba yangu ni mchungaji tu aliyepangiwa Waisavu. Sisi ni wa Navatudua. Kati ya Navatudua na kwenu hakuna utani, hakuna chochote."

Isikeli alibadilika rangi. Wiki sita amekuwa akimtukana binti wa watu ambaye yeye hakuwa na haki ya kumtukana, amekula chakula cha mchungaji kilichotumwa kwa basi, amemwita mla popo mbele ya jengo zima. Kwao hilo si kosa la mtu mmoja, ni aibu ya ukoo mzima.

"Na ukaniacha?" akauliza. "Wiki sita, Unaisi? Kila siku unanitazama navunja miiko, unacheka?"

"Nilicheka kwa sababu nilikupenda, mjinga wewe!"

"Basi ungeniambia kwa sababu hiyo hiyo!"

Unaisi akashuka ngazi kwa hasira upande mmoja, naye Isikeli akashuka upande wa pili. Kreti likabaki pale.

Unaisi alikwenda ofisi ya vyumba. Bi Shalini, msimamizi wa ofisi hiyo, alitazama kompyuta bila kutoa miwani. "Kalenda inaonyesha ulikuwa na chumba, dada. Kwa hiyo ulikuwa na chumba."

"Kilikuwa na majongoo bahari!"

"Majongoo hayamo kwenye kalenda."

"Ina maana macho yangu ni ya uongo?"

"Sijasema uongo. Nimesema hayamo. Jaza fomu, itapelekwa kitivo cha pili." Na kitivo cha pili, nakuhakikishia, kingeirudisha cha kwanza. Unaisi aliichana fomu palepale, mara nne, akaviweka vipande juu ya meza.

Isikeli hakupiga simu siku mbili. Unaisi alijiambia vizuri sana, na kila simu ilipolia aliruka. Alichokuwa hajui ni kwamba Ijumaa asubuhi Isikeli alimpelekea mkuu wa kitivo chake barua aliyoisaini mwenyewe: chumba nilikitwaa mimi, karatasi niliifuta mimi, mtahiniwa hana kosa. Hakuweka neno "utani" hata mara moja, maana alijua wangecheka na kumsamehe. Jopo likakubali kukaa tena Jumatano, na mwenyekiti akampigia Unaisi akamsimulia barua ile. Naye Isikeli akanyang'anywa kadi na darasa lake mpaka mwisho wa muhula.

Jumatano mvua ilikuwa ileile. Mchungaji Eparama alikuja kwa basi la alfajiri amsikilize binti yake, koti jeusi, sulu ya heshima, Biblia kwapani. Saa tano Unaisi alitoka 307 akiwa amefaulu, akashuka na baba yake hadi ukumbi wa chini. Huko umati wa wanafunzi ulikuwa umesimama kimya, jambo lisilowahi kutokea katika jengo lile.

Isikeli alikuwa amepiga magoti kwenye vigae vyenye matope. Mtu fulani alikuwa amemfungulia mlango. Mbele yake palikuwa na fungu kubwa la mizizi ya kava, ile ya kuombea toba, lililofungwa kwa kamba. Hakuinua macho.

"Mchungaji," alisema kwa ile sauti ya chini ya kuomba toba, "nimekuja kwa magoti na kichwa kilichoinama. Nimeila heshima ya nyumba yako bila haki. Nimeiba siku ya binti yako. Hii ni toba ya Nakorosiga. Ikikataliwa, nitakaa hapahapa."

Mzee alimtazama muda mrefu, mpaka tukaanza kuona vibaya sisi tuliokuwa ngazini. Kisha akainama, akaugusa mzizi wa juu. "Nimepokea. Limezikwa. Halitafukuliwa." Na kwa mila yetu, likishazikwa hakuna tena wa kulitaja.

"Baba amepokea," akasema Unaisi. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hasira bado ilikuwa humo. "Mimi sijapokea."

"Najua," Isikeli alisema.

"Kadi wamekunyang'anya?"

"Ndiyo."

"Darasa?"

"Na darasa."

"Pumbavu. Nani alikutuma usiseme ni utani? Ungeachiwa."

"Haukuwa utani. Umeniambia mwenyewe."

Unaisi akafuta uso kwa kiganja. Angetaka kukaa na hasira yake mpaka Krismasi, alikuwa na haki nayo, lakini kosa la kunyamaza wiki sita lilikuwa lake na alilijua. "Na mimi nilikudanganya, Keli. Hilo naomba lizikwe pia."

"Limezikwa, Una."

Unaisi akaketi kwenye kidato cha chini cha ngazi zilezile alikotahiniwa, akatoa roti mkobani, akafungua karatasi yake. Harufu ya mchuzi ikapanda. Isikeli, bado magotini, akaitazama roti. Mkono wake ukasogea kwa mazoea, ukasita njiani, ukarudi.

"Naomba kukaa," alisema.

"Kaa."

"Naomba kipande."

Alimkatia nusu. Walikula bega kwa bega, huku mchungaji akijifanya anasoma matangazo ya ukutani ya mwaka juzi. Isikeli alipomaliza alipangusa vidole kwenye sulu yake, akavuta pumzi, akageuka.

"Unaisi, naomba..."

"Ishia hapo." Kiganja chake kilikuwa tayari mdomoni kwa Isikeli. "Hilo haliombwi kwangu, tena kwenye ngazi. Linaombwa kwa yule mzee pale, na haliombwi kwa kava. Nenda nyumbani Nakorosiga ukawaambie wazee wako wakupe jino la nyangumi la kuposea."

Isikeli aliuondoa mkono ule taratibu, akaushika. "Nikilileta, utakubali?"

"Lete kwanza," akasema Unaisi. "Halafu, kwa mara ya kwanza maishani mwako, usubiri jibu."