Picha Kumi za Kati

Jumanne ile Danford alifungua studio yake ya Sogea, Tunduma, saa tatu asubuhi kama kawaida. Akafuta vumbi la malori juu ya kompyuta, akanywa chai na chapati mbili, akamtania mama wa chapati kwamba ile ya pili imefikisha umri wa kupiga kura. Kazi ya siku ilikuwa video ya msiba. Msiba wenyewe ulikuwa wa kaka yake, Watson, aliyezikwa Itaka wiki tatu nyuma. Lakini mtu wa video haruhusiwi kulia msibani. Akilia, picha inatikisika.

Ukoo uliisubiri video hiyo kwa hamu ambayo hata harusi haipati. Siku ya maziko watu walisema wamemwona Nesta, mjane, akicheka kando ya kaburi. Baba mdogo wao, Barnaba, akaenda mbali zaidi: huyo ndiye kamuua mumewe, na kicheko ndicho ushahidi. Jumamosi kikao kingekaa Itaka, mbele ya televisheni. Nesta akionekana anacheka, anaondoka na nguo zake tu. Nyumba, shamba la kahawa na watoto wawili vinabaki kwa ukoo, yaani kwa Barnaba, ambaye shamba lake, tazama bahati ya watu wengine, linapakana na hilo.

Nesta alimpigia Danford simu mara moja tu. "Shemeji, mimi sikucheka. Uso ulinikataa."

Danford akasema ataangalia.

Kamera yake ilisimama upande wa miguu ya kaburi, nayo hupiga picha ishirini na tano kwa sekunde. Upande wa pili binamu yao Ketrina, aliyevuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, alirekodi kwa simu inayopiga thelathini. Ukizichanganya hivyo hivyo, waombolezaji wanatembea kwa kushtukashtuka kama kuku. Danford akazilinganisha kwa kishindo cha beleshi la kwanza la udongo mwekundu juu ya jeneza. Zikashikana. Na kweli, kwenye simu ya Ketrina, Nesta alikuwa anacheka.

Barnaba alikuwa ametoa agizo: pale usoni punguza mwendo, wazee waone vizuri. Danford akapunguza nusu. Ukifanya hivyo picha za simu hazitoshi. Kila sekunde zinapatikana kumi na tano, zinatakiwa ishirini na tano. Kumi zinazopungua kompyuta huzibuni yenyewe. Inatazama picha ya kabla na ya baada, inakisia kilichopita katikati. Hakuna kamera iliyowahi kuzipiga.

Akaicheza. Mdomo wa Nesta ukatanuka taratibu. Kwenye kona zake kulikuwa na kitu kama kivuli. Akasimamisha, akaanza kusogeza picha moja moja.

Picha ya simu: Nesta anacheka.

Picha ya kubuni: vidole.

Vilitoka nyuma ya kichwa chake, viwili kila upande, vimeingia ndani ya mashavu, vinavuta. Picha iliyofuata, ya simu, havipo. Iliyofuata, vipo. Kidole cha shahada cha kulia kilikuwa kifupi, kimeishia kwenye kiungo cha kwanza.

Danford alikijua: cha baba mdogo. Kilikatwa na mashine ya kukobolea kahawa, na mwenyewe alizoea kukitumia kutishia watoto kanisani. Akarudi kwenye kamera yake, sekunde ile ile. Barnaba amesimama ng'ambo ya kaburi, hatua sita kutoka kwa Nesta. Mikono mifukoni.

Macho kwenye kamera.

Saa nane mchana mlango ulisukumwa. Barnaba aliingia bila hodi, akavuta kiti, akatazama kioo cha kompyuta, picha imesimama pale pale penye vidole. Hakushtuka. Alisogea karibu, kama mtu anayetazama picha yake ya kitambulisho aone kama ametoka vizuri.

"Hizi kapiga nani?" akanong'ona.

"Hakuna, baba mdogo. Mashine imebuni."

"Basi hazipo, mwanangu. Toa. Weka za kweli."

Danford angeweza kukataa. Angeweza kunakili, akamtumia Nesta, akamtumia mchungaji. Alikuwa na siku nne nzima za kuwa mwanamume. Alifuta siku hiyo hiyo, kabla Barnaba hajainuka kitini. Kipande kile akakiacha kinarukaruka, picha za kweli tupu, na katika kila moja Nesta anacheka.

Jumamosi wazee walitazama mara tatu. Nesta alifunga nguo zake kwenye kanga. Mtoto mdogo alimshika sketi, ikabidi wambandue kidole kimoja kimoja. Alipofika mbele ya Danford alisimama, akamtazama usoni muda mrefu.

"Kumbe na wewe unacheka, shemeji."

Akaenda kupanda gari la Ileje, kwao.

Danford hakuelewa. Machozi yalikuwa yanamtoka, aliyasikia mpaka shingoni. Njiani kurudi Tunduma walipita Vwawa. Hapo mkewe, Violet, akamuuliza kimemfurahisha nini, mwanamke wa watu ananyang'anywa watoto na yeye amekenua meno yote nje.

Nyumbani alichukua kioo cha kunyolea ndevu. Akafungua mdomo. Ndani ya mashavu yote mawili kulikuwa na michubuko. Myembamba. Iliyopinda, kama ya kucha.

Akasukutua. Maji yalitoka mekundu, akadhani ni damu. Yakatulia kwenye beseni. Chini ukatua udongo.