Sauti Aliyoiitikia Mlimani

Kikohozi kilitoka bafuni, na mlango wa nyumba alikuwa ameufunga kwa ufunguo yeye mwenyewe.

Muuguzi huyu aliishi ughaibuni, peke yake, chumba kimoja na jiko, ghorofa ya juu kabisa. Usiku alikesha na wazee kwenye nyumba ya kulelea, akiwageuza, akiwafuta, akiwabembeleza wale chakula. Asubuhi ndipo alipopata usingizi. Basi akajiambia ni mabomba. Mabomba ya jengo lile yalikuwa na visa vyake. Lakini bomba halikohoi na kuvuta pumzi ya kifua kibovu, tena pumzi anayoijua tangu ananyonya. Kisha ikaja harufu: sufu ya kondoo iliyoloa, na ndani yake dawa ya kuchua ya mama yake.

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Alijua alikokitoa kitu hicho.

Mama yake alipozidiwa, dada yake alimwandikia: hali si nzuri, anakuulizia, njoo. Akajibu kwamba kazini wamemnyima likizo. Uongo mtupu. Hakuwa ameomba. Huyu aliyeosha wazazi wa watu bila kukunja uso aliogopa kumwona wa kwake amekonda, na badala ya kusema hivyo akawasingizia wakubwa zake. Siku zake za mapumziko zilipofika akafunga viatu vya kupandia milima, akapanda basi hadi vijiji vya juu alivyovipenda, kwenye nyumba za mawe, kondoo wanaoziba njia, na wazee wanaompungia mkono hata mgeni. Simu akaizima. Alijidai anahitaji kupumua.

Ukungu ulimkuta juu kwenye mgongo wa mlima. Humo ndani sauti ikaita, "Mbayuwayu!"

Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu ya kutotulia, na nchi ile nzima hapakuwa na mtu wa kulijua. Kwao kila mtoto hufundwa kwamba porini huitikii sauti ya mtu usiyemwona. Hufundwa pia kwamba mama akiita huulizi, unaitika. Fundisho la pili likamtoka mdomoni kabla ya la kwanza.

"Abee, mama."

Ukungu ukanyamaza. Halafu nyuma yake kokoto zikaanza kusagika, taratibu, mwendo wa mtu asiye na haraka. Alishuka mbio hadi kijijini, akawasha simu, akakuta mama amefariki mchana ule. Amekufa akikuita, dada yake aliandika.

Na sasa kikohozi kilikuwa bafuni. Akampigia shangazi yake, mwanamke aliyetafutwa na watu wa mbali kwa kazi ya kutoa majini.

"Shangazi," alinong'ona, "kuna kitu humu ndani. Kina sauti ya mama."

"Na wewe ulikiitika?"

"Mara moja tu. Mlimani."

"Basi ulikifungulia mlango. Nisikilize, mwanangu. Huyo si mama yako. Hilo ni jini, limeokota sauti iliyokuwa ikikutafuta. Mimi nitalisomea huku. Wewe likikuita, litazame uliambie, 'Mimi si mwanao.' Ukilikubali mara ya pili, halitoki tena. Litakunywa umri wako kidogo kidogo mpaka uishe."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, lakini si jepesi. Usikate simu."

Akaiweka simu mezani, kisomo cha shangazi kikisikika kwa mbali, na hapo mlango wa bafuni ukafunguka na kwato zikaanza kugonga sakafu, tok, tok, zikipumzika kila hatua kama alivyopumzika mama yake akipanda ngazi, zikampita pale aliposimama amefumba macho, huku harufu ya sufu mbichi ikijaa chumbani, zikafika kitandani, na kitanda kikalia kwa uzito, na blanketi likavutwa, na sauti ile aliyoikimbia milima yote ikasema kwa unyonge, "Mbayuwayu, nigeuze. Ubavu unaniuma."

Akafumbua macho. Chini ya blanketi mwili ulikuwa mdogo, umekunjamana. Uso umeelekea ukutani. Mguu uliochungulia nje ulikuwa na manyoya na kwato iliyopasuka.

Alifungua mdomo ayaseme yale maneno. Yalikuwa mepesi ulimini, na hilo ndilo lililomchoma, kwa kuwa aliona ameshayasema, tena kwa mama wa kweli, siku ile alipoandika kwamba amenyimwa likizo. Kumkana tena hakuweza. Akainama, akaingiza mikono chini ya bega na nyonga kama kazi ilivyomfunza, akamgeuza.

"Abee, mama," alisema huku analia. "Nipo."

Simu ikauliza kwa sauti ya chini, "Limetoka?"

"Limetoka, shangazi. Ahsante."

Akakata. Papo hapo akampigia msimamizi wake wa kazi. "Naomba likizo. Mama yangu ni mgonjwa, hana mwingine wa kumwangalia."

"Pole sana, dada," alisema msimamizi. "Nenda kamuuguze, usiwaze kazi. Hujawahi kuomba hata siku moja, ningekunyimaje?"

Muuguzi akashukuru. Akakaa na simu mkononi mpaka machozi yakakatika, kisha akaenda jikoni kuchemsha maji ya kumwogeshea. Magoti yalikuwa mazito kama ya kikongwe, ikambidi ashike ukuta. Nyuma yake kwato zilishuka kitandani zikamfuata, na safari hii hazikupumzika njiani.