Kiatu Kimoja cha Mtoto wa Maktaba

Yafuatayo ni maelezo kamili ya uhalifu mkubwa kuliko wote uliopata kulitikisa taifa. Taifa lenyewe ni shule ya bweni yenye bomba moja linalotoa maji.

Saa 6:40 mchana. Chumba cha nyuma ya mabafu. Jenerali, mkuu wa genge, alichora ramani sakafuni kwa kipande cha sabuni.

"Saa nane mwalimu wa sanaa anatuhoji juu ya ile picha ya maktaba. Picha haipo, mtihani haupo. Spana, unafungua skrubu. Mtaalamu, unabeba."

"Kwa nini mimi?"

"Si wewe unayeikodolea macho kila siku kama mchumba?"

Mtaalamu hakucheka. Alikuwa na onyo la mwisho. Akikamatwa tena, anarudi kwa mama yake na sanduku lake.

Saa 7:05. Shule nzima inakula. Maktaba tupu. Ukutani, mtoto wa kike wa miaka minne hivi, aliyechorwa karne ya kumi na tisa. Gauni jeupe. Mguu mmoja una kiatu. Kiatu cha pili kiko mkononi. Miguuni pake, ua.

"Mtundu huyu," Spana alinong'ona, bisibisi ikizunguka. "Kavua kiatu."

"Hakuvua," Mtaalamu alisema. "Enzi hizo mtoto akifa, wazazi walimwita mchoraji. Kiatu kimoja ni alama ya kifo. Lile ua lililonyauka, alama. Macho walimchora wazi, mama apate wa kutazamana naye."

Bisibisi ikasimama.

"Mshenzi wewe! Ungesema kabla sijamgusa."

Saa 7:12. Stoo ya chini ya ngazi. Walimgeuza uso ukutani. Jenerali akafunga mlango. Giza.

Saa 7:25. Chakula kilipoa mbele ya Mtaalamu. Nyumbani kwao, juu ya kabati, mama aliweka kiatu kimoja cha mdogo wake wa mwisho. Huyo hakuna aliyemchora. Sasa Mtaalamu alisikia hatua chini ya sakafu: moja ya kiatu, moja ya peku. Moja ya kiatu, moja ya peku.

Akainuka.

"Ukirudi kule umetuuza," Jenerali alisema bila kumtazama.

Saa 7:40. Mwalimu wa sanaa alimkuta kwenye ngazi, picha kifuani, imeviringishiwa sweta la shule.

"Wenzako wako wapi?"

"Niko peke yangu, mwalimu."

"Na sweta je?"

Hapo nilikwama. Ndiyo, Mtaalamu ni mimi. Muda wote huu nimejificha nyuma yake. Nikaliona sanduku langu limeshafungwa, mama amesimama mlangoni.

"Stoo kuna baridi, mwalimu," nikasema. "Na ana kiatu kimoja tu."