Kabla na Baada ya Zuleide

Zuleide aliingia kazini asubuhi akakuta jaribio lake limepita. Mwili ukamsisimka, maana hakuna mtu aliyekuwa ameandika kanuni ya kulipitisha.

Ngoja niseme vizuri. Ofisi yao ilikuwa mtaa wa kale wa mji wa Recife, Brazili, ghorofa ya juu ya lililokuwa ghala la sukari. Walitunza mfumo ambao watu wengi huutumia kujengea tovuti, na kila lilipotoka toleo jipya, tovuti zilizoandikwa kizamani zilitaka kusahihishwa. Nani ataketi asahihishe moja moja? Basi wao waliandika programu za kuingia ndani ya msimbo wa mtu, yaani maandishi yanayoiendesha tovuti yake, na kuubadilisha zenyewe. Kabla ya kumpelekea mtu programu hiyo waliijaribu kwa mifano miwili miwili: faili la Kabla, jinsi msimbo ulivyo, na faili la Baada, jinsi unavyotakiwa kuwa. Programu ikigeuza Kabla ikawa Baada sawasawa, unawaka mstari wa kijani. Ikikosea hata herufi, mwekundu.

Kazi hiyo Zuleide aliijua mpaka usingizini. Ndiye aliyemleta Marluce, shoga yake wa kufa na kuzikana, akamfundisha yote. Na sasa Marluce ndiye kiongozi, ndiye atakayesimama jukwaani São Paulo kulionyesha toleo jipya. Marluce ana cheko la kuvuta watu, mlinzi wa mlangoni humkimbilia na mwavuli, na isitoshe ana mama. Mama huyo, Dona Nevinha, humpigia kila mchana kumuuliza kama amekula, na hakati simu mpaka aseme, "Mungu akubariki, mwanangu." Zuleide mama yake alikuwa amekwisha kufa. Simu ile ikilia, yeye hugeukia dirishani akauma midomo.

Waliosema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda, hawakukosea. Yeye aliushiriki mpaka mifupa ikamtoka.

Mchana mmoja wenzake waliposhuka kunywa kahawa, aliandika mfano wake mwenyewe. Kwenye Kabla akaweka jina la Marluce, kwenye Baada akaweka lake. Kanuni hakuandika. Ulikuwa mzaha wa mtu mwenye uchungu, ukatoka mwekundu kama alivyojua. Akaukazia macho, akanong'ona, "Ningetoa chochote nikuone kijani." Juu darini, ambako hakukuwa na kitu ila popo, kitu kizito kikakokotwa kama gunia.

Ndilo hilo jaribio lililokuwa kijani leo, na ofisi nzima ilinuka sukari iliyoungua.

Mwenye akili angelifuta. Zuleide alitazama kiti cha Marluce, akaona mwavuli wa mlinzi umeegemezwa pale. Akaiachia programu hiyo isiyoandikwa na mtu ipite kwenye msimbo wote wa ofisi. Tena kwa haraka ya kijicho akafanya kosa ambalo kila mtu wa kazi ile huonywa siku ya kwanza: hakuiambia programu isiguse folda ya mifano. Ikaingia na humo, ikala mfano wake yenyewe. Alipofungua faili la Kabla, jina la Marluce halikuwamo, lilikuwamo lake. Kabla na Baada zikawa kitu kimoja. Akafungua kumbukumbu za zamani, ambazo hutunzwa ili mtu aweze kurudi nyuma, akakuta nazo zinaonyesha jina lake tangu mwanzo.

Akataka kuogopa, lakini mkuu wao, Bwana Abelardo, alipita akamuuliza kama ameshafunga mizigo ya São Paulo. Watu wakampigia makofi. Mlinzi akapanda kuuchukua mwavuli, akamwambia atamngojea nao chini. Marluce alisimama katikati yao akiuliza kuna nini, na hakuna aliyegeuka. Mchana simu ikalia mfukoni mwa Zuleide.

"Umekula, mwanangu?"

Alifumba macho. "Nimekula, mama."

Raha iliyompata hapo hajapata kuipata. Kitu baridi kilimwegemea mgongoni, naye akadhani ni furaha.

Alitoka mapema kumchukua bintiye Tainá shuleni. Mwalimu akamuuliza yeye ni nani wa mtoto. Akacheka, akanyoosha mikono. Tainá alimtazama kwa adabu tu, kama anavyotazamwa mgeni.

"Anti, mama yangu hajaja."

"Mama yako ni mimi, Tainá."

"Wewe ni Anti." Mtoto akajificha nyuma ya mwalimu. Mwalimu akamuuliza mama yake anaitwa nani, Tainá akafungua kinywa, akatafuta jina, asilione, akaanza kulia.

Hapo ndipo Zuleide alipoelewa, maana Marluce hakuwa na mtoto, na yeye alikuwa ameomba kila kilicho cha Marluce, na kilichompa hakikubakiza, kilikuwa kimempa hata kukosa mtoto, na kilipokuwa kikimpa kilikuwa kimemkalia mgongoni kikipumua shingoni mwake pumzi ya sukari iliyoungua, akakimbia kwenye mvua ya Juni bila mwavuli, madaraja yakipita chini ya miguu yake asiyaone, na kila alipokaza mbio alisikia nyuma yake gunia likikokotwa juu ya mawe, halimwachi wala halimpiti.

Marluce alikuwa ameketi kwenye ngazi za ofisi, amekumbatia magoti.

"Zu," akanong'ona, "wewe unaniona?"

"Nakuona."

"Nimempigia mama. Ameniuliza mimi nani."

Zuleide alimshika mkono, mkono mwepesi kama nguo tupu, wakapanda kilima cha Casa Amarela kwa Dona Cosma, mganga anayeombea watu kwa majani ya aruda, mmea wa kufukuzia kijicho. Yule bibi aliwanusa kabla hawajavuka kizingiti.

"Umeegemewa na pepo, binti," alimwambia Zuleide. "Tena mlango umemfungulia mwenyewe."

"Mtoe, mama. Mwanangu hanijui."

"Majani peke yake hayamtoi. Amekupa vya mwenzio, akachukua vyako. Kabla yenu ameila, kwa hiyo imebaki kichwani mwako tu. Taja kila ulichokitamani, umrudishie mwenyewe akisikia. Mwenye wivu huvijua vya mwenzake kuliko mwenye navyo."

Akaanza kumpigapiga mabegani na majani. Zuleide akataja kiti. Akataja jukwaa, cheko, mlinzi na mwavuli wake, hata jinsi Marluce anavyosamehe upesi. Aibu ilimchoma, lakini alitaja. Kila alichotaja, majani yalinyauka, na juu ya bati gunia likakokotwa kwenda mbali kidogo. Marluce alilia kimya, na rangi ikamrudia usoni.

"Vimekwisha?" akauliza Dona Cosma.

Kilibaki kimoja. Zuleide alikisikia sikioni, sauti ya mchana ikimuuliza kama amekula. Miaka mingapi hakuna aliyemuuliza hivyo?

"Vimekwisha," akasema.

Dona Cosma aliangalia tawi mkononi. Jani moja lilikuwa bado bichi. "Wewe ndiye unayejua," akasema, akawafungulia mlango.

Usiku ule mwalimu alimleta Tainá nyumbani akiomba radhi, na asubuhi yake mtoto alimrukia Zuleide kitandani akimwita mama, Zuleide akambana mpaka mtoto akalalamika. Kompyuta yake aliifungua akafuta mfano ule kwa mkono wake. Marluce akapiga simu: Bwana Abelardo amemtumia tiketi, majirani wamemwamkia kwa jina. Hakumlaumu hata kidogo. "Sasa nangojea mama anipigie tu," alisema. "Akinipigia, nitajua yamekwisha."

Mchana Tainá alikuwa mezani anakula kuskuz ya unga wa mahindi na yai, simu ikalia. Zuleide alijua ni Dona Nevinha kabla hajalitazama jina. Neno la kusema alikuwa nalo: umekosea, mama, mwanao ni Marluce, anakungoja.

"Umekula, mwanangu?"

Akainuka, akaenda dirishani, akashusha sauti.

"Nimekula, mama."

"Mungu akubariki."

Nyuma yake kijiko kikaacha kugonga sahani. Chumba kilinuka sukari iliyoungua.

"Anti," akasema Tainá, "unaongea na nani?"