Betri ya Pembeni

"Bana hapo, uhesabu hadi kumi," alisema fundi.

Msichana aliyeitwa Bi Maswali alibana waya mmoja wa balbu upande wa chanya wa betri, na mwingine upande wa hasi. Ilikuwa balbu ya taa ya mbele ya gari, na iliwaka ikawa nyeupe hadi akalazimika kufumba macho. Alihesabu. Fundi alitazama mita yake ndogo, akaandika kwenye daftari.

"Hii nzima. Inayofuata."

Ya pili iliwaka vizuri, na ya tatu pia. Walipofika kwenye ya nne, iliyokaa pembeni kabisa karibu na kidirisha cha kuchajia, balbu iliwaka njano. Kabla hajafika saba ilikuwa imebaki uzi mwekundu tu.

Fundi alikuna kidevu. Watu walimwita Fundi Taratibu kwa sababu hakuwahi kukaza nati moja kabla hajaitazama mara mbili. Aliirudia kazi yote tangu mwanzo, na majibu yakawa yale yale.

"Sasa hapo ndipo sielewi," alisema.

Betri zile nne zilikuwa ndani ya sanduku la mbao chini ya kiti cha nyuma cha Kobe. Kobe ilikuwa baiskeli ya magurudumu matatu. Mbele ilikuwa baiskeli ya kawaida ya zamani. Nyuma, fundi alikuwa amechomelea ekseli, magurudumu mawili na kreti la kubebea mizigo, kisha akafunga mota. Kila alfajiri mama yake Bi Maswali alipakia mikate ya bekari akaipeleka madukani, mpaka juu ya kilima. Akirudi, aliegesha Kobe uani na kwenda kwa miguu kushona sare kwenye karakana hadi jioni.

Tatizo lilianza wiki tatu zilizopita. Asubuhi taa ya chaja ilionyesha kijani, yaani betri zimejaa. Kobe alitoka mbio, lakini akifika katikati ya mlima alikata moto. Mama alishuka akasukuma, na mikate ikafika madukani watu wameshakunywa chai. Jana msimamizi wa bekari alikuwa amemwambia, "Mama, nakuheshimu. Lakini Jumatatu ukichelewa tena, kazi nampa mwenye pikipiki."

Leo ilikuwa Jumamosi, na mama hakwenda karakana.

"Fundi, wiki iliyopita si ulisema mgonjwa ni namba nne?" mama aliuliza.

"Ndiyo. Namba nne ndiyo iliyokuwa pembeni. Niliichaji peke yake, nikaihamishia huku mwanzo, na namba moja nikaiweka pembeni. Tazama, chaki yangu bado ipo." Aligusa namba zilizoandikwa mgongoni mwa betri. "Leo namba nne imepona. Namba moja, iliyokuwa nzima, ndiyo inayokufa."

"Kwa hiyo ugonjwa umehama?"

"Haujahama, dada. Umebaki pale pale pembeni. Aliyehama ni mgonjwa."

Wote wakalitazama lile sanduku kana kwamba litajibu. Babu, aliyekuwa kwenye kigoda na mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya tofali, alikohoa kidogo.

"Kuna mtu yeyote anayefungua sanduku hili mimi nisipokuwepo?" fundi aliuliza.

"Nani afungue?" mama alisema. "Nimekataza. Umeme si kitu cha kuchezea."

Babu akatazama angani. Bi Maswali akaitazama balbu mkononi mwake. Jina hilo alipewa na babu, kwa sababu alikuwa akiuliza mpaka watu wazima wanajifanya wana haraka. Lakini wiki hii nzima hakuwa ameuliza swali hata moja, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Alikuwa akifikiri juu ya redio. Ilikuwa redio kuukuu ya gari, ambayo babu aliiokota kwenye vyuma chakavu. Nyuma yake iliandikwa volti kumi na mbili, na kila betri ya Kobe iliandikwa vivyo hivyo. Bi Maswali alikuwa amelifurahia jambo hilo kama mtu aliyepata ufunguo wa mlango. Kila mchana, mama akishaondoka, babu alipanda kwenye kiti cha nyuma. Bi Maswali alifungua kidirisha cha sanduku, akapitisha waya na kubana vibanio kwenye betri iliyokuwa karibu. Jioni alivibandua. Hapakubaki alama yoyote.

Iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya pembeni.

Lakini haiwezekani, alijiambia. Kobe anapandisha mikate mia mbili na mama juu yake. Redio haijazi hata kikapu. Tangu lini kiroboto akamwangusha ng'ombe? Na kama si redio, kwa nini amchongee babu bure? Na kama ndiyo? Kila alipojaribu kulifunga wazo hilo, lilifunguka upande wa pili.

Mama alikuwa ameshachukua mtandio wake.

"Mimi nimeelewa," alisema. "Yule muuza betri wa sokoni aliniuzia betri mbovu zilizopakwa rangi. Nakwenda sasa hivi, na nitamwambia mbele ya wateja wake wote."

"Ngoja kwanza, dada. Tusigombe na mtu kwa jambo ambalo hatujalielewa."

"Wewe ngoja. Jumatatu hainingoji."

Bi Maswali alimkumbuka yule muuza betri. Alikuwa ameinama nao kwenye vumbi nusu saa nzima, akipima kila moja mbele yao. Mama alikuwa tayari langoni.

"Mama, usiende!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni... sijui kama ni mimi. Lakini mimi ninafungua sanduku."

Mama aligeuka polepole.

"Tunafungua," alisema babu. "Usimwachie mtoto mzigo peke yake. Redio ni yangu."

"Redio gani? Baba, hata wewe?"

"Mwanangu, mimi naumwa mguu, siumwi masikio."

Fundi hakucheka wala hakukasirika. "Nionyeshe," alimwambia Bi Maswali.

Redio ikatolewa chini ya mto wa kiti. Mkononi mwa Bi Maswali vibanio vilikwenda vyenyewe pale vilipozoea, na mtu mmoja akaanza kutangaza bei ya mahindi. Fundi alipima waya, akaandika.

"Mnasikiliza saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Saa sita mpaka saa kumi na moja," alisema Bi Maswali.

"Kukiwa na mpira tunaongeza," alisema babu.

"Lakini fundi, ni redio ndogo tu! Inawezaje?"

"Hilo ndilo swali," alisema fundi, akaketi juu ya tofali. "Watu wanne wamebeba kitanda kupanda mlima. Mmoja wao umeshamchosha kwa kumtuma maji mchana kutwa, kidogo kidogo. Magoti yake yakilegea, kitanda kitafika juu?"

"Hakifiki. Lakini chaja ilisema wamejaa."

"Chaja inapima jumla ya wote wanne. Inaona chakula kimetosha, haijui nani kalala njaa. Nasi kila siku tulimrudisha mwenye njaa mlimani."

Bi Maswali alielewa nusu. Nusu nyingine haikuwa ya umeme. "Fundi, kwa hiyo nilidanganya? Mwanzo sikujua."

"Kuunganisha waya hukukosea kwa ubaya, ingawa mama alikataza. Lakini nilipouliza nani anafungua, ulikuwa unajua." Fundi alisema kwa sauti ile ile ya chini. "Fundi anaweza kutafuta kila kitu, mwanangu, isipokuwa kile alichofichwa. Jambo ukilijua, liseme hata kama unaliona dogo. Waachie wenzako nao walipime."

Mama alikunja mtandio wake mara nne. "Na mimi nilitaka kumvunjia mtu heshima sokoni," alisema. "Kuanzia Jumatatu utapima betri zote nne kila asubuhi, uandike. Ukiruka moja, utasukuma wewe. Na wewe baba..."

"Nami nitasukuma," alisema babu, akipiga mguu wake mbovu.

Mama akacheka bila kupenda.

Fundi aliunganisha namba moja kwenye chaja ndogo ya betri moja. Ingechukua hadi jioni. Nyingine zilibaki wazi ndani ya sanduku, zikisubiri kuchajiwa moja moja ili zote zilingane. Baada ya hapo wangempandisha Kobe mlimani na mawe kwenye kreti, na fundi angefunga kifaa cha kupunguza umeme wa zote nne uwe volti kumi na mbili, ili redio itumie betri zote kwa usawa.

"Hizo ni kazi za kesho," alisema, akifunga daftari.

Babu alipanda kwenye kiti cha nyuma, akaona ukimya umezidi, akaanza kutangaza mpira mwenyewe. Bi Maswali aliketi karibu na chaja, akiangalia taa nyekundu.

"Fundi," aliita kabla fundi hajafika langoni, "kwani chaja inajuaje jumla?"

"Alhamdulillahi," alisema babu, "amepona."